Mathias Mnyampala: Hakimu wa Ugogo na Sanaa ya Kuuliza na Kujibu

Mathias E. Mnyampala alizaliwa Novemba 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji wa Dodoma. Haukuwa mwaka mwema wa kuzaliwa Ugogo. Majeshi ya Vita Kuu ya Kwanza, ya Wajerumani na kisha ya Waingereza, yalichukua ng'ombe, nafaka na wapagazi. Mvua nayo ilipokosekana, ikafuata njaa ambayo Wagogo wanaikumbuka kwa jina la Mtunya. Inakadiriwa kwamba ilipoteza maisha ya watu wapatao 30,000 kati ya 1917 na 1920. Mtoto aliyenusurika alichunga mifugo, akasomeshwa na misheni ya Kikatoliki, akafundisha, akawa karani wa serikali na hatimaye hakimu.

Kazi hizo za mwisho zilimjengea tabia ambayo inaonekana katika maandishi yake yote, nayo ni tabia ya kuhoji. Barazani hakimu husikiliza pande mbili, huuliza, kisha huamua. Mnyampala alipoandika Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika, kilichotolewa mwaka 1954, chemchemi yake kuu ilikuwa masimulizi ya wazee kuhusu koo, watemi, mvua na njaa zilizopita. Aidha, ni jambo la kuzingatia kwamba alikiandika kitabu hicho kwa Kiswahili, wala si kwa Kigogo. Lugha hiyo ilikwisha kupita Ugogo na misafara ya karne ya 19, ikaongezewa nguvu na reli iliyofika Dodoma mwaka 1910. Hata hivyo, wengi bado waliiona kuwa mali ya pwani.

Ushairi ndio uliohesabiwa kuwa mali ya pwani zaidi. Vina, mizani na msamiati wake vilikuwa na wenyewe, na Mgogo Mkristo aliyetoka katika nchi ya uwele na mibuyu alihitaji ujasiri kubisha hodi mlangoni hapo. Hakudai kubomoa nyumba. Alijifunza kanuni, akazitetea kuliko baadhi ya waliozirithi, na akazitumia hata kwa mambo ya dini yake, kama inavyodhihirika katika Utenzi wa Enjili Takatifu. Diwani ya Mnyampala ilitoka mwaka 1963. Miaka hiyo washairi walikuwa wakilumbana magazetini: mmoja hutupa swali au fumbo, mwingine hulijibu kwa vina vilevile, na wasomaji hupima nani kashinda. Huo ulikuwa mchezo wa chemsha bongo kabla redio haijaenea vijijini.

Baadaye Mnyampala alikuwa mwenyekiti wa UKUTA, yaani Chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya Azimio la Arusha, Rais Nyerere aliwaita washairi na kuwataka waieneze siasa ya Ujamaa na Kujitegemea. Kwa Mnyampala jibu lilikuwa ngonjera. Hapa malumbano yalitolewa gazetini yakapelekwa jukwaani. Asiyejua hukabiliana na ajuaye, ubeti kwa ubeti. Asiyejua hubisha, huuliza, hupinga tena, na mwishowe hukubali. Watu wasioweza kusoma diwani waliweza kuisikia ngonjera, na watoto waliweza kuighani baada ya mazoezi ya siku chache.

Umbo hilo linafanana na baraza, ila tofauti moja ni kubwa. Hakimu mwadilifu haijui hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Mtunzi wa ngonjera anaijua tangu ubeti wa kwanza. Hili ndilo lililowakera wahakiki waliokuja baadaye, ambao waliiona ngonjera kuwa kasuku wa siasa. Lawama hiyo ina ukweli, hasa kwa ngonjera nyingi zilizotungwa na wengine kwa ajili ya kupokea wageni wa serikali. Lakini haimtendei haki Mnyampala kwa ukamilifu. Ili mwenye shaka ashindwe hadharani, sharti kwanza apewe nafasi ya kusema shaka yake hadharani, na kwa vina vizuri sawa na vya mpinzani wake. Mara nyingine beti za mbishi ndizo zenye uhai, kwa kuwa zina maneno ya mtaani na uchungu wa kweli, ilhali za mjuzi huwa na uzito wa hotuba. Iwapo mtunzi aliliona hilo au la, msikilizaji hakukosa kuliona.

Mnyampala alifariki Juni 1969, akiwa na umri wa miaka 51. Hakuviona vitabu viwili vya Ngonjera za UKUTA, vilivyotolewa na Oxford University Press mwaka 1970 na 1971, wala hakusikia ngonjera zikighanwa kila sikukuu ya taifa, shuleni na katika Radio Tanzania Dar es Salaam. Wengi waliozikariri utotoni hawakumfahamu aliyeziandika. Historia yake ya Wagogo ilitolewa kwa Kiingereza mwaka 1995, katika tafsiri ya Gregory Maddox. Tawasifu yake, Maisha ni Kugharimia, ilisubiri zaidi: ilichapishwa mwaka 2013, miaka 44 baada ya kifo chake.