Aliyetaka tujue kushuka kabla ya kupanda

Wahenga walinena kuwa mpanda ngazi hushuka. Wengi wetu huitumia methali hiyo kuwakanya wenye vyeo. Nami, kila niifundishapo darasani, humkumbuka mtu mmoja aliyeifanya kanuni ya maisha yake bila hata kuisikia. Mtu huyo ni Paul Preuss wa Austria, aliyekwea majabali makubwa ya Ulaya bila kamba.

Preuss alizaliwa Altaussee tarehe 19 Agosti 1886. Baba yake, mwalimu wa muziki wa asili ya Kiyahudi kutoka Hungaria, aliaga dunia mwanawe akiwa bado mtoto. Aidha, utotoni Paul alipatwa na maradhi yaliyofanana na polio, yakamdhoofisha viungo kwa muda. Alijijenga upya kwa mazoezi na matembezi milimani. Alipokua alisomea elimu ya mimea mjini Vienna, kisha akapata shahada ya uzamivu mjini Munich. Basi hakuwa juha aliyekimbilia hatari kwa kukosa la kufanya.

Tarehe 28 Julai 1911 alifika Campanile Basso, mnara wa mawe katika milima ya Brenta, ambayo leo imo nchini Italia. Alikuwa pamoja na dada yake Mina na rafiki yao Paul Relly. Akawaacha, akaukabili peke yake ukuta wa mashariki wenye kimo cha zaidi ya mita mia moja, ambao hakuna binadamu aliyekuwa ameukwea. Baada ya muda wa saa mbili hivi alikuwa kileleni, mikono mitupu.

Mwaka huo huo aliandika makala yaliyozua mjadala mkali miongoni mwa wapanda milima. Alishikilia kwamba haitoshi mtu kulingana na ugumu wa mwamba, sharti auzidi. Tena, asipande mahali ambapo hawezi kushuka kwa usalama kwa nguvu zake mwenyewe. Kamba na misumari ya chuma ipigiliwayo katika nyufa za mwamba aliviona kuwa vya kumwokoa mtu wakati wa dharura, wala si msingi wa safari yake. Wakuu wa fani hiyo walimpinga, akiwemo Tita Piaz, kiongozi mashuhuri wa wapanda milima. Kwao, uhai wa mtu ulikuwa na thamani kuliko usafi wa mtindo wowote.

Ningependa msomaji atambue kwamba hapa hapana sifa ya ujasiri wa kipumbavu. Preuss hakumhimiza kijana yeyote ajitupe katika hatari. Alimtaka ajipime kwanza, na kama kipimo kikimkataa, arudi nyumbani. Anayetegemea msumari hupanda hadi mahali ambapo uwezo wake ulikwisha kitambo, naye asijue.

Tarehe 15 Agosti 1912 alishuhudia msiba katika mlima wa Mont Rouge de Peuterey, upande wa Italia. Alikuwa ametangulia bila kamba. Nyuma yake walifuata mwanakemia H. O. Jones wa Cambridge, mkewe Muriel waliyekuwa wameoana mwezi uo huo, na kiongozi wao Julius Truffer, wote watatu wamefungwa kamba moja. Truffer aliteleza, na kamba ile iliyowekwa iwalinde ikawavuta wote hadi mautini. Preuss alibaki hai, akitazama.

Lakini mlima haukumhurumia naye. Tarehe 3 Oktoba 1913, akikwea peke yake Manndlkogel nchini Austria, alianguka mamia ya mita. Mwili wake ulipatikana siku kadhaa baadaye, umefunikwa na theluji. Alikuwa na umri wa miaka 27. Baada ya Wanazi kuitwaa Austria mwaka wa 1938, jina lake lilisukumwa gizani kwa sababu ya asili yake ya Kiyahudi.

Mwanafunzi mmoja aliwahi kuniuliza kama kifo hicho hakithibitishi kwamba Preuss alikosea. Nilikawia kumjibu. Leo naamini kwamba alikosea jambo moja zito. Mtu aweza kujipima akajijua barabara, ila hawezi kulijua kila jiwe atakalolishika, na jiwe likivunjika halimuulizi mtu ana ustadi gani. Ndiyo maana nisingemruhusu mwanafunzi wangu yeyote akwee bila kamba. Piaz alikuwa na haki kuutetea uhai.

Hata hivyo, swali la Preuss sijalitupa. Nawaona vijana wetu wakikariri miongozo ya vitabu teule bila kuvisoma vitabu vyenyewe, nasi walimu tukiwapigia makofi matokeo yanapotangazwa. Hiyo ni misumari tuliyowapigilia sisi. Wanafika juu, kisha wakiulizwa swali ambalo mwongozo haukulitaja, wananing'inia. Mwalimu mwenzangu, tuwape kamba ili wasiangamie, lakini kabla ya kuwasukuma juu tuhakikishe kuwa wanaweza kusimama kwa miguu yao wenyewe.