Malik Ambar: Kutoka Utumwani Hadi Uamiri

Ndugu Waislamu, tulisikiapo neno malik, twafikiri ni mfalme tu. Kwa masultani wa Bara Hindi lilikuwa pia cheo cha kijeshi, chini ya khan na juu ya amiri.

Malik Ambar alizaliwa Uhabeshi yapata mwaka 1548. Aliuzwa angali mdogo, akafika Baghdad, na huko akaitwa Ambar, yaani ambari, kwani watumwa walizoea kupewa majina ya manukato. Kisha akanunuliwa Ahmadnagar na waziri mkuu Chingiz Khan, naye pia Mhabeshi aliyepitia utumwa. Waziri alipofariki, Ambar akawa huru.

Mwaka 1600 Wamughali waliuteka mji wa Ahmadnagar. Ambar akakusanya wapanda farasi, akamtawaza mmoja wa ukoo wa Nizam Shah, yeye mwenyewe akashika hatamu bila kukalia kiti. Mfalme Jahangir alimkejeli kwa weusi wake (ajabu kwa Mwislamu!), hata akachorwa akikilenga mshale kichwa cha Ambar. Kichwa hicho hakukipata.

Mwaka 1610 Ambar alijenga mji wa Khadki, akauletea maji kwa mifereji ya chini ya ardhi. Alifariki mwaka 1626, akazikwa Khuldabad. Jina la utumwani hakulifuta. Alilitanguliza tu Malik.