George Beatson, muganga aliyeelewa kanseri ya ziwa kupitia kondoo na ng'ombe

Kuna mama vijana wanaotibiwa kanseri ya ziwa kwa sindano inayopigwa kila mwezi. Sindano hiyo inafanya ovari, ni kusema vifuko vya mayai ya uzazi, vilale. Mtu aliyefungua njia hiyo ni George Thomas Beatson.

Alizaliwa mwaka 1848 huko Ceylon, inchi inayoitwa leo Sri Lanka, akasoma Uingereza na Scotland. Katika miaka ya 1870, alipokuwa anaandika kitabu chake cha kumaliza masomo, alikaa karibu na shamba kubwa la kondoo. Akaanza kuchunguza namna maziwa yanatoka na namna yanakauka. Akajua pia kwamba kuna wafugaji waliokuwa wakimtoa ng'ombe ovari kisha kuzaa, ili aendelee kukamuliwa. Ndipo akajiuliza: kumbe ovari iko mbali na ziwa, lakini ndiyo inaliamuru?

Mwaka 1895, huko Glasgow, alimpokea mama wa miaka 33. Alikuwa amekwisha kupasuliwa ziwa, lakini kanseri ilirudi kifuani, na hakukuwa tena dawa. Beatson alimuelezea wazo lake, mama akakubali, akatolewa ovari zote mbili. Kisha miezi 8, uvimbe ulikuwa umeyeyuka. Mwaka 1896 Beatson akaandika habari hiyo katika gazeti la waganga, The Lancet. Yule mama aliishi karibu miaka 4 zaidi, halafu ugonjwa ukarudi ukamuua.

Waganga wengine walijaribu. Kufikia mwaka 1900 ilionekana kwamba karibu mgonjwa 1 kwa 3 ndiye aliyepata nafuu. Hakuna aliyejua sababu, maana homoni ya ovari ilikuwa haijagunduliwa. Baadaye sana ndipo ilieleweka: kuna kanseri zinazokula homoni hiyo, na kuna zingine ambazo haziihitaji.

Beatson hakuwa mtu wa kisu tu. Alisaidia kuanzisha huduma ya kubeba wagonjwa na majeruhi Scotland, akaongoza hospitali ya kanseri ya Glasgow miaka mingi. Alikufa mwaka 1933, na kituo cha kanseri cha mji huo kinabeba jina lake mpaka leo.

Leo si lazima kila mara kupasua. Sindano inalalisha ovari, na mara nyingi inaendana na vidonge, hata kama kanseri ingali changa, ili isirudie. Iko na uzito wake: damu ya mwezi inakatika, joto linapanda ghafla, mifupa inaweza kulegea. Lakini ikiachwa, mara nyingi ovari za mama kijana zinaamka tena.

Basi mama, ukiambiwa uko na kanseri ya ziwa, uliza swali moja: uvimbe wangu umepimwa kama unakula homoni? Jibu la swali hilo ndilo linaonyesha kama njia ya Beatson ni yako.