Mwigizaji Asiye na Kaburi Nanyuki

Wanafunzi wa Nyeri wameyazoea makaburi ya wageni mashuhuri. Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyefariki tarehe 8 Januari 1941, amelala mjini mwetu, na hatua chache kutoka kwake yupo Jim Corbett, yule msasi wa simbamarara wa India, aliyemfuata mwaka 1955. Kwa hivyo sikushangaa nilipowapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu Nanyuki, kwenye kituo cha elimu ya wanyamapori kinachoitwa kwa jina la William Holden, na swali la kwanza likawa kaburi lake liko wapi. Niliwajibu kwamba hana kaburi. Mwili wake ulichomwa na majivu yakatawanywa katika bahari ya Pasifiki. Ndipo msichana mmoja aliyekuwa ameketi nyuma akauliza alikufaje, nami nikasita.

Wamarekani hufunga safari ndefu kwenda kutazama majumba na mikahawa ya waigizaji wao wa kale. Sisi tunayo alama moja ya historia hiyo umbali wa kilomita zipatazo 60 kutoka Nyeri, ukipita Kiganjo na Naro Moru, na wengi wetu hatujui ni ya nani. Tukifika Nanyuki huchekeshwa na wale vijana wa mstari wa ikweta, wenye karai na kijiti cha kuelea majini, kisha tukarudi nyumbani.

Huyo Holden alizaliwa O'Fallon, katika jimbo la Illinois, tarehe 17 Aprili 1918, akaitwa William Franklin Beedle. Baba yake alikuwa mkemia na mama yake mwalimu, jambo ambalo wasomaji wangu walimu hawatanikataza kulitaja. Familia ilihamia California angali mtoto. Mwaka 1939, akiwa na umri wa miaka 21 tu, alipewa nafasi kubwa katika sinema ya Golden Boy, na inasimuliwa kwamba wenye studio walikaribia kumfukuza kwa ugeni wake. Aliyemkingia kifua ni Barbara Stanwyck, mwigizaji mwenzake aliyekwisha kupata jina, na Holden hakuusahau wema huo maisha yake yote. Vita vya pili vilipozuka aliingia katika jeshi la anga. Ndugu yake Robert, rubani wa jeshi la majini, hakurudi. Aliuawa mwaka 1944.

Baada ya vita nyota yake iling'aa. Sunset Boulevard ilitoka mwaka 1950, na Stalag 17 ya mwaka 1953 ikampa tuzo ya Oscar. Mwaka 1957 ilitoka The Bridge on the River Kwai, ambayo mkataba wake ulimwahidi asilimia 10 ya mapato. Mwaka huohuo wa 1957, mwezi wa Februari, Dedan Kimathi alinyongwa. Nayaweka mambo haya mawili pamoja kwa makusudi, maana mwalimu wa historia hana budi kuwaonyesha watoto kwamba mlima ni mmoja na waliokuwa wakiutazama walikuwa wengi.

Waama, mwaka 1959 ndipo Holden, pamoja na Ray Ryan, tajiri wa mafuta wa Marekani, na Carl Hirschmann, mwenye benki wa Uswisi, waliponunua hoteli ya Mawingu iliyo chini ya mlima na kuigeuza kuwa Mount Kenya Safari Club. Wakubwa wa dunia, Churchill akiwa mmojawapo, waliandikishwa uanachama. Wakati huo hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 haikuwa imeondolewa bado, nao wazee wetu waliokuwa wakitoka vizuizini walikuta mashamba yamekwisha kupimwa na kugawanywa upya. Sidhani kuna hata mmoja wao aliyealikwa kunywa chai Mawingu, isipokuwa awe ndiye aliyeibeba hiyo chai. Haya nayo niliwaambia wanafunzi, tena bila kuyapaka sukari.

Lakini haki ni kusema pia alichofanya. Enzi hizo mgeni wa aina yake alitarajiwa kuja na bunduki. Yeye aliishia upande wa pili. Mwaka 1962 ilitoka The Lion, sinema aliyoigiza hapa kwetu Kenya, na mwaka 1967 yeye na Mmarekani mwenzake Don Hunt walianzisha ranchi ya wanyamapori kando ya klabu, miaka 10 kamili kabla ya Serikali kupiga marufuku uwindaji. Humo walilelewa wanyama walioachwa yatima, na humo ndimo anamozalishwa bongo wa mlimani, mnyama wa jamii ya swala mwenye mistari myeupe ubavuni, ambaye porini amebaki wa kuhesabika. Mwaka 2004 bongo 18 waliozaliwa katika bustani za wanyama za Marekani waliletwa hapo, wakarudi katika nchi ya babu zao. Wanafunzi wangu walisimama mbele ya bongo mmoja kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Kituo chenyewe ni matunda ya wakfu ulioanzishwa mwaka 1982 na mwandani wake, mwigizaji Stefanie Powers, baada ya kifo chake.

Hapo sasa tunarudi kwenye swali la yule msichana.

Mwenzangu mmoja, mwalimu wa hisabati hodari kuniliko, alikunywa pombe hadi akafa. Sisi wenzake tulimshikia vipindi, tukaieleza homa ya asubuhi isiyokuwepo, na siku ya mazishi tukasoma mbele ya wanafunzi wake kwamba amefariki baada ya kuugua kwa muda mfupi. Aliugua miaka 11. Kanda hii yetu inayajua mazishi ya namna hiyo. Februari 2024, kule Kangai katika Kaunti ya Kirinyaga, zaidi ya watu 10 walikufa kwa kinywaji kimoja.

Ningeweza kumjibu msichana kwamba Holden alianguka chumbani, nisiwe nimesema uongo. Niliwaeleza yote. Kwamba waandishi wa maisha yake husema alianza kunywa ili kuutuliza woga wa kamera. Kwamba mwaka 1966 nchini Italia aliendesha gari akiwa amelewa, mtu asiye na hatia akafa, na mahakama ikampa kifungo cha miezi minane kilichosimamishwa. Kwamba Novemba 1981, akiwa na miaka 63, peke yake nyumbani kwake Santa Monica, alijikwaa akiwa mlevi, akajigonga kichwa kwenye meza na kuvuja damu hadi kufa, na mwili wake ukagunduliwa siku nne baadaye.

Ndani ya basi hapakuwa na kelele za kawaida za kurudi safari. Tulipopita Naro Moru mvulana mmoja alinijia mbele, akauliza kwa sauti ya chini kama nimewahi kumjua mtu wa namna hiyo. Nilimwambia ndiyo, nikamtajia jina la yule mwalimu wa hisabati. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kaka yake alifundishwa naye.