MBARAKA MWINSHEHE: MPIGA SOLO ALIYEONDOKA NA MIAKA 34 TU

Leo naomba tuweke siasa pembeni kidogo, tumkumbuke mzee mmoja wa gitaa. Na mwishoni nina jambo langu la kuungama, kwa hiyo msikimbie.

Kwetu Jumapili ilikuwa siku ya redio. Mzee akishakunywa chai anafungua zilipendwa, na likianza gitaa fulani linalolia lenyewe kama mtu anayelalamika, hakuna ruhusa ya kuongea. Huyo ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka. Mimi na wadogo zangu tulikuwa tunaona ni mambo ya kizee tu, mpaka nilipoanza kujifunza gitaa mwenyewe baada ya kumaliza form four. Nikajaribu kuiga solo zake. Vidole viliuma wiki nzima na sikupata kitu. Hapo ndo nikaanza kumheshimu.

Mbaraka alizaliwa Juni 1944. Cha ajabu, mwaka huohuo wa 1944 ndo ilianzishwa Morogoro Jazz, bendi ambayo baadaye ilikuja kumtoa. Morogoro enzi hizo haukuwa mji wa mchezo kwa muziki. Upande mmoja Morogoro Jazz, upande wa pili Cuban Marimba ya Salum Abdallah. Mashabiki walikuwa na utani na ushindani kama wa Simba na Yanga. Salum Abdallah alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1965. Miaka hiyohiyo kijana Mbaraka alikuwa anapanda ndani ya Morogoro Jazz, na haikuchukua muda akawa ndiye mpiga solo, mtunzi na mwimbaji anayetegemewa. Watu wakambatiza Soloist National, na hakuna aliyebisha.

Bendi za wakati ule kila moja ilikuwa na mtindo wake wenye jina. Morogoro Jazz walitamba na Sululu. Nyimbo zenyewe zilikuwa kama gazeti. Dk. Wilbert Klerruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa kwa risasi siku ya Krismasi 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo. Mwaka 1970 Morogoro Jazz walikwenda Japani kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho makubwa ya dunia pale Osaka, na safari hiyo nayo ikazaa wimbo, Expo 70. Hebu fikiria vijana kutoka chini ya milima ya Uluguru wanapanda ndege na magitaa yao mpaka Osaka. Mwaka 1970 hiyo!

Mwaka 1973 jamaa akafanya uamuzi mgumu. Aliiacha Morogoro Jazz iliyompa jina, akaanzisha bendi yake, Super Volcano. Kuongoza bendi yako si sawa na kupiga kwenye bendi ya wengine. Vyombo, mishahara, safari, ugomvi wa wanamuziki, yote yanaishia kwako, na bado usiku ukumbini watu wanataka solo lilie vilevile. Yeye aliliza. Akaja na mtindo wa Masika, na wimbo wake Shida ukauzika mno Afrika Mashariki yote.

Sasa hapa ndo kuna kitu kinachonikera. Bongo wakati huo hapakuwa na kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri. Bendi zilirekodi Radio Tanzania, nyimbo zikapigwa hewani, nchi nzima ikacheza, lakini dukani hakuna cha kununua. Mwanamuziki akitaka santuri, safari ya Nairobi inamhusu. Kwa hiyo Kenya ikawa soko lake kubwa, na kule walimpenda kama mtoto wao.

Na ni hukohuko Kenya alikokutana na mauti. Januari 1979, wakati nchi iko kwenye vita vya Kagera, Mbaraka alipata ajali ya gari Mombasa akafariki. Alikuwa na miaka 34 tu. Mji wa Morogoro ukawa umepoteza vigogo wake wawili kwa ajali za barabarani, wa kwanza 1965, wa pili 1979. Super Volcano haikudumu bila yeye. Lakini kampuni ya Polygram kule Nairobi ikatoa mfululizo wa santuri zake ulioitwa Ukumbusho, na ziliendelea kuuzwa mwenyewe akiwa kaburini.

Haya, kuungama kwangu ni huku. Nilipomaliza shule nilikaa kwenye kafe moja ya intaneti, kazi yangu ikiwa kuwaingizia wateja nyimbo kwenye flashi. Mzee akija anataka zilipendwa, folda ya Mbaraka ipo, nakopi, napokea hela, basi. Siku moja mzee wangu alikuja kunitembelea. Akasimama nyuma yangu kimya, halafu akaniuliza ile hela inaenda kwa nani. Nikasema kwa bosi. Akauliza tena, na familia ya Mbaraka je? Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina.

Sheria ya hakimiliki tunayoijua ilipitishwa 1999, miaka 20 baada ya yeye kufa. Lakini sheria haimshiki mkono kijana wa kafe anapobofya kopi. Ile folda niliifuta, najua haibadilishi kitu, na mteja alienda kafe ya jirani akapata.

Gitaa bado nalipiga. Ile solo ya Shida nimefika nusu.

Nyie wadau mnasemaje? Wenye wazee waliomwona Mbaraka jukwaani, waulizeni mtuletee simulizi hapa chini. Na nyie mnaokopi, tuambizane ukweli bila matusi.