MWANA KUPONA, MAMA ALIYELEA KWA KALAMU

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini mzazi naye hulea kwa akili ya nani? Hebu tumtazame Mwana Kupona binti Mshamu.

Mama huyu alizaliwa kisiwani Pate, karibu na Lamu, mapema katika karne ya 19. Pate ilisifika kwa dini na ushairi. Alikulia katika mambo hayo, ndiposa akawa mtunzi hodari. Aliolewa na Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, mji uliokataa katakata kutawaliwa na Seyyid Said wa Zanzibar. Mzee huyo alifariki mwaka wa 1856.

Mwaka wa 1858 Mwana Kupona alikuwa mgonjwa sana. Alijua kwamba huenda asiwepo kumlea binti yake, Mwana Hashima, basi akamtungia utendi wa beti 102. Alifariki miaka michache baadaye.

Ukiusoma utendi huo utaona mikono miwili. Mkono wa kwanza ni malezi yake mwenyewe: ashike dini, awe na adabu, aseme kweli. Mkono wa pili ni wa marehemu mumewe. Mama anasimulia vile walivyoishi kwa furaha bila ugomvi, na vile mzee alivyomwachia radhi alipofariki. Kumbe yale yaliyompendeza mume ndiyo aliyomfunza binti: amtii mumewe, amtunze, na akitaka kutoka aombe ruhusa.

Darasani kwetu jambo hili lilizua ubishi mkali. Wasichana wengine walisema ati hayo ni kumfanya mke mtumishi. Mimi naona wana haki ya kuuliza. Je, kama Bwana Mataka angekuwa mume mkali asiye na shukrani, mama angemwachia binti wosia uo huo? Sidhani.

Hapa Tabaka twajua kazi ya mikono miwili. Mmoja huchonga jiwe, mwingine hulisugua kwa msasa na maji hadi ling'are. Mchongaji akiacha ufa, msasa hauwezi kuuondoa. Mtoto pia ni hivyo: hubeba alama za wazazi wote wawili, na za nyanya na babu waliowalea hao wazazi.

Kwa hivyo wenzangu, siku ya kuchagua mchumba tusitazame sura pekee. Tuulize alilelewaje na anaonaje mambo ya watoto, kwa sababu siku hiyo tutakuwa tunawachagulia watoto wetu mwalimu wao wa kwanza.