Daktari aliyeleta mtoto wa kwanza wa IVF India, akachekwa hadi kaburini

Siku hizi seleb akiposti picha ya mtoto na kusema alibebewa mimba na mwanamke mwingine, we unaangalia, unaweka laiki, unaendelea na shughuli zako. Wachache watatusi pale kwa komenti, lakini kesho yake stori imeisha. Sasa nataka urudi nyuma na mimi hadi 1978, mji wa Kolkata, India. Huko kuna msee alifanya hiyo maneno ikiwa bado ni kama uchawi, na ilimgharimu kila kitu.

Jina lake ni Subhash Mukhopadhyay. Alizaliwa tarehe 16 Januari 1931 huko Hazaribagh. Kitabu kilikuwa kinamkubali vibaya sana. Alimaliza udaktari Kolkata 1955, akachukua PhD ya kwanza hapo hapo, halafu akapanda ndege hadi Edinburgh, Scotland, akarudi na PhD ya pili 1967. Angebaki majuu akule maisha, lakini alirudi nyumbani kufunza na kufanya utafiti kuhusu homoni za uzazi.

Sasa skiza. Kulikuwa na bibi na bwana waliotafuta mtoto kwa miaka. Mirija ya uzazi ya mama ilikuwa imeziba, kwa hivyo yai lilikuwa haliwezi kukutana na mbegu. Unajua venye mwanamke huandamwa asipozaa, si India, si huku kwetu. Mama mkwe anauliza, majirani wananong'ona. Wakaenda kwa Daktari Subhash.

Daki hakuwa na maabara ya mamilioni. Alikuwa na vifaa vya kawaida, friji, na mabeshte wawili wa kazi: Sunit Mukherjee, aliyejua mambo ya kugandisha, na Saroj Kanti Bhattacharya, daktari wa akina mama. Kwanza akampa mama dawa za homoni ili ovari zitoe mayai kadhaa badala ya moja. Akayatoa kwa kupitia ukeni, akayachanganya na mbegu za baba, na viinitete vikaanza kukua.

Hapa ndipo akili yake ilipotoka nje ya ramani. Badala ya kurudisha kiinitete tumboni haraka mwili wa mama ukiwa bado umechoka na dawa, alivigandisha. Akangoja mwili utulie, akayeyusha, akaweka. Mimba ikashika.

Tarehe 3 Oktoba 1978 msichana akazaliwa. Ilikuwa msimu wa sikukuu ya Durga, akabandikwa jina hilo la nyumbani, Durga. Kule Uingereza, Louise Brown, mtoto wa kwanza wa IVF duniani, alikuwa amezaliwa tarehe 25 Julai mwaka huo huo. Fanya hesabu: siku 70 tu ndizo zilizowatenganisha. Na Waingereza hawakuwa wametumia kugandisha. Mtoto wa kiinitete kilichogandishwa alikuja kutangazwa Australia 1984. Kolkata walikuwa wameshafika hapo kitambo.

Ungedhani nchi nzima ingembeba juu juu. Wapi!

Serikali ya jimbo la West Bengal iliunda kamati ya kumchunguza. Mwenyekiti alikuwa mtaalamu wa fizikia ya redio. Soma tena hiyo. Mtu wa mawimbi ya redio ndiye anaulizia mambo ya mayai na mimba. Walimweka kiti moto, wakamhoji kama mwizi wa kuku, na mwisho wakaamua kwamba kazi yake ni uongo mtupu. Wenzake madaktari nao wakamcheka. Magazeti yakaandika, mtaa ukapiga domo.

Na shahidi wake mkubwa, yaani yule mtoto, hakuweza kumtoa. Wazazi wake waliogopa. Kwa jamii yao, kusema mtoto ametengenezwa maabara ilikuwa kumchoma maisha yake yote: angeitwa majina shule, kuolewa kungekuwa shida. Wakaficha jina lake. Usiwalaumu haraka. Walikuwa wanalinda mtoto waliyemlilia miaka. Lakini kile kimya kilimwacha daki peke yake, na karatasi ambazo hakuna aliyetaka kuzisoma.

1979 chuo kikuu cha Kyoto, Japan, kikamwalika aende aelezee kazi yake. Serikali ikamkatalia kwenda. Nafasi ya kusimama mbele ya watu wanaoelewa hiyo lugha ikapotea hivyo. Akapata shida ya moyo. Halafu Juni 1981 wakamtupia transfa hadi taasisi ya macho. Ndio, macho. Mtu aliyetumia maisha yake kusoma homoni na uzazi anapelekwa mahali ambapo kazi yake haiwezi kuendelea hata kidogo.

Tarehe 19 Juni 1981 Daktari Subhash alijitoa uhai nyumbani kwake. Alikuwa na miaka 50.

Stori ingezikwa na yeye. 1986 India ikatangaza mtoto wake wa kwanza rasmi wa IVF, aliyezaliwa Mumbai, na mwanasayansi T. C. Anand Kumar akawa kati ya waliopewa sifa. Miaka ikapita. Halafu 1997 Anand Kumar akazipata karatasi za Subhash. Akakaa chini, akazisoma moja baada ya nyingine, akaona kila hatua inaingiana. Sasa jiulize wewe ungefanya nini. Jina lako liko juu, mwenyewe amekufa, hakuna mtu anauliza. Ungenyamaza tu uendelee kula sifa. Anand Kumar hakunyamaza. Alisimama hadharani na kuandika kwamba wa kwanza si yeye, ni Subhash Mukhopadhyay. Huyo ni mwanaume.

2003, akitimiza miaka 25, Durga mwenyewe akajitokeza mbele ya watu. Dada mzima, mwenye afya. Ule ushahidi ambao kamati ilisema haupo ulikuwa unatembea na miguu miwili.

Kama unapenda filamu, tafuta Ek Doctor Ki Maut ya 1990, ya Tapan Sinha. Imechota kutoka maisha yake, ingawa ndani ya filamu daktari anatafuta chanjo ya ukoma. Irrfan Khan yuko ndani, akiwa bado kijana hajulikani.

Robert Edwards, yule wa Louise Brown, alipewa Tuzo ya Nobel 2010. Subhash alipewa transfa.

Na kazi yake iko wapi leo? Iko kila mahali. Dawa za kutoa mayai mengi, kutoa mayai kupitia ukeni, kugandisha kiinitete kingoje: hizo ni hatua za kila siku kwa kliniki za IVF. Hata mwanamke akimbebea mwingine mimba, kugandisha ndiko kunakofanya mambo yawe rahisi, kwa sababu kiinitete kinaweza kukaa hapo hadi mfuko wa uzazi wa anayebeba uwe tayari. Kenya tulipata watoto wetu wa kwanza wa IVF 2006, na wengine wengi wamezaliwa tangu siku hiyo. Pengine mmoja ni jirani yako na hujui, kwa sababu mamake bado anaogopa mdomo wako.

Hiyo ndiyo sehemu inauma. Kicheko cha Kolkata 1978 hakijaisha, kimehamia tu kwa simu. Ukiona mtu amepata mtoto kwa njia tofauti na yako, kabla ya kuandika upuzi, mkumbuke daki. Na kama ni wewe unabeba mzigo mzito kimya kimya, tafadhali ongea na mtu unayemwamini leo.

Sasa tuambie: ungekuwa mzazi wa Durga mwaka ule, ungejitokeza kumtetea daktari, ama ungemficha mtoto wako?